Faili Lenye Nukta

Asubuhi ile nilimlaumu kijana wa watu mbele ya ofisi nzima. Hifadhidata ilikuwa imenikataa, na jana yake yeye ndiye aliyebadilisha nywila. “Umetufungia nje,” nilimwambia.

“Dada, ujumbe niliutuma,” alijibu taratibu.

Kweli aliutuma, nami niliusoma. Nilichosahau ni faili dogo kwenye kompyuta yangu, .pgpass. Humo ndimo libpq, maktaba inayounganisha programu na PostgreSQL, hutafuta nywila usipoitaja mwenyewe. Jina lake huanza na nukta, kwa hiyo kwenye Linux halionekani katika orodha ya kawaida. Kila nilipobisha hodi, lilijibu kwa niaba yangu, kwa nywila ya zamani.

Faili halikudanganya. Lilishika nililoliambia siku nilipoliandika. Mimi pia sikudanganya. Niliamini kwa dhati kwamba kosa ni lake. Je, kuamini kwa dhati kunatosha kumwondolea mtu hatia?

Nadhani hakutoshi. Chini ya taarifa ya kukataliwa palikuwa na mstari wa pili, ukitaja faili ambamo nywila ilichukuliwa. Sikuufikia. Nilikwisha kupata wa kumlaumu.

Kurekebisha nywila kulichukua sekunde chache. Kuomba radhi kulichukua siku nzima, maana nilitaka kwanza ofisi ipungue watu. Mwishowe niliomba mbele ya wote, kwani lawama niliitoa mbele ya wote.

Tangu hapo najiuliza nina mafaili mangapi kama hayo moyoni kuhusu watu, na ni lini niliyafungua mara ya mwisho.