Kioo cha Jirani na Uhai wa Mbuzi

Sisi tunaoishi Kibaha na Kisarawe tunakaa kando ya njia ya mifugo. Malori ya ng'ombe kutoka bara hupita Maili Moja kuelekea mnada wa Pugu, na wanaonunua mbuzi wa Krismasi au Idi huwarudisha nyumbani wamefungwa miguu, ndani ya buti au nyuma ya Noah. Gari likiachwa juani, vioo vimefungwa na mwenyewe ameingia kunywa supa, huwa tanuri: kwa nusu saa joto la ndani linaweza kuzidi la nje kwa nyuzi 15 na zaidi. Kuku na mbwa hawatoi jasho kama sisi. Hutegemea kuhema, na hewa ikishakuwa moto, kuhema hakuwafai kitu.

Mpita njia akisikia mlio wa mnyama humo, je, anaruhusiwa kuvunja kioo kisicho chake?

Wengi wetu tutajibu upesi kwamba mali ya mtu haiguswi. Lakini tusome Kutoka 23:5. Mnyama anayetajwa pale si wetu; ni punda wa mtu anayetuchukia, ameanguka chini ya mzigo, nasi tunakatazwa kumpita. Katika Luka 14 Yesu anawauliza Mafarisayo nani angemwacha ng'ombe wake kisimani eti kwa kuwa ni Sabato, nao wanakosa jibu. Kwamba mnyama ni wa jirani hakutuondolei wajibu.

Nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili. Ipo pia Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inayohesabu kuwa kosa kuharibu mali kwa makusudi na kinyume cha sheria. Je, kioo kilichovunjwa kwa ajili ya uhai kimevunjwa kinyume cha sheria? Tungependa Bunge liandike jibu waziwazi, maana mama muuza maandazi aliyeshika jiwe hawezi kungoja tafsiri ya hakimu. Jimbo la Florida, Marekani, liliandika mwaka 2016: mwokoaji ahakikishe milango imefungwa na hakuna njia nyingine, awaite polisi kabla au mara tu baada ya kuingia, asitumie nguvu kupita kiasi, kisha akae na mnyama mpaka msaada ufike.

Sharti hilo la mwisho limetugusa kuliko yote. Kwetu hatari ya kwanza si mahakama, ni kelele za "mwizi!" Anayevunja kioo cha gari stendi anaweza kupigwa kabla hajafungua kinywa. Mwizi hukimbia, mwokoaji hubaki. Kwa hiyo tumtafute mwenye gari, tuwaite vijana wa bodaboda washuhudie, tupige 112, ndipo tuvunje, tukae na mbuzi kivulini. Na tuliosimama pembeni tumkinge anayebaki.

Kinabaki kioo chenyewe. Sheria inaweza kumwachilia mwokoaji, lakini dereva, ambaye huenda gari si lake, bado ana hasara. Wapo watakaosema amejitakia. Hatukubali upesi hivyo. Yule punda wa Kutoka aliinuliwa pamoja na mwenyewe, adui au si adui. Mfuko wa huduma wa usharika uchangie kioo hicho, hata wazee wa kanisa wakinung'unika, na dereva akija kupokea fedha aelezwe pia habari za joto la buti.