Bwawa la Maarib na Amana Iliyo Mikononi Mwetu

 

Ndugu zangu katika imani, mwana wa Adamu aliyemuua nduguye hakujua aifanye nini ile maiti. Suratul Maida inatueleza kwamba Mwenyezi Mungu alimleta kunguru akafukua ardhi, ndipo muuaji akajua namna ya kumsitiri nduguye, akajuta kwamba ameshindwa hata na ndege. Leo kila mtaa una wanaojua kuosha, kukata sanda na kuchimba mwanandani. Elimu hiyo ilianza kwa kunguru.

Tangu hapo mwanadamu amekwenda mbali. Huko Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, yamefukuliwa mawe yaliyochongwa yakawa makali, ambayo wataalamu wanayakadiria umri wa zaidi ya miaka milioni moja. Kilimo kina miaka kama 10,000, na maandishi yaliyoanzia Iraq yana miaka kama 5,000. Ndui, iliyoua na kupofua watu vizazi kwa vizazi, ilitangazwa mwaka 1980 kuwa imetoweka duniani. Hizi ni neema, na anayezidharau kwa jina la uchamungu anakosea.

Lakini zingatieni jambo moja. Suratun Nahl inatukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu ametutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui chochote, akatupa masikio, macho na nyoyo. Mtoto aliyezaliwa usiku wa jana katika wodi yenye taa za umeme hana anachojua kumzidi yule aliyezaliwa zama za mawe. Kusoma, kutibu, kupima haki mizanini, kutimiza ahadi, hakuna hata kimoja kinachorithiwa kwa damu. Kizazi kimoja tu kikiacha kufundisha, yote yamekwenda.

Katika hili Qur'ani imetupigia mfano wa watu wa Saba. Mji wao mkuu ulikuwa Maarib, Yemen, nchi kavu isiyo na mto wa kudumu. Mvua za milimani zilipoteremka kwa kishindo bondeni, wao walizizuia kwa ukuta wenye urefu wa karibu mita 600, kisha wakayagawa maji kwa milango miwili, mmoja kaskazini na mwingine kusini. Ndizo zile bustani mbili zinazotajwa katika sura yenye jina lao, kuliani na kushotoni. Waliambiwa wale riziki ya Mola wao na wamshukuru. Safari zao zilikuwa za amani usiku na mchana, na vijiji vilifuatana njiani.

Bwawa lile halikuwa kazi ya kujenga na kuondoka. Kila msimu mafuriko yalileta tope, tope likainua mashamba, na ukuta nao ukabidi uinuliwe. Palipobomoka, makabila yaliitwa kuja kuziba. Lipo jiwe la maandishi la Abraha, yule anayetajwa katika kisa cha tembo, linaloeleza jinsi alivyokusanya watu kulitengeneza bwawa hilo karibu mwaka 548. Maradhi yakazuka, watu wakapewa ruhusa ya kwenda makwao, kisha kazi ikaendelea. Haikupita miaka mingi bwawa likaachwa kabisa. Baadhi ya wafasiri wanasema panya waliutoboa ukuta. Iwe panya au tope, Qur'ani inataja kwanza kwamba watu wale waligeuka wakaacha kushukuru, na mafuriko yakaja baadaye. Zikabaki bustani za matunda machungu na mikunazi michache. Wakatawanyika. Waarabu wanasimulia kuwa kabila la Waazd waliondoka huko, na baadhi yao wakafika Oman. Na humu pwani tunao wanaojinasibisha nao.

Mfano wa Kilwa uko karibu nasi zaidi. Msafiri Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akamkuta Sultani Hassan aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake, anayekaa na mafukara na kula nao. Alipofariki akatawala nduguye Daud, na muombaji alipomjia alijibiwa kuwa mtoaji ameshakufa, wala hakuacha cha kutoa. Nikisoma habari hiyo moyo wangu hushtuka. Wareno chini ya Almeida waliuteka mji mwaka 1505, lakini kabla yao wakubwa wa Kilwa walikuwa wameshagombania kiti muda mrefu. Mizinga ilikuta nyumba imeshagawanyika.

Nasi, ndugu zangu, tusijione tumesalimika kwa sababu tuna simu na minara. Mwaka 2020 kirusi kisichoonekana kwa macho kilitosha kuwaondoa watu kandokando ya Al-Kaaba na kutufungia majumbani. Umeme ukikatika siku tatu mjini, pampu hazipandishi maji, dawa zinazohifadhiwa kwenye baridi zinaharibika, na jirani anaanza kumwogopa jirani.

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tunachangia kwa furaha msikiti unapojengwa, na bati likivuja tunasogeza mkeka. Kisima cha waqfu pampu ikifa, tunamlaumu marehemu aliyekitoa. Kila kamati itenge fungu la matengenezo na isome hesabu yake mbele ya waumini. Mkunga, fundi wa jahazi, mwalimu anayejua kugawa mirathi, kila mmoja amchukue kijana amfundishe angali na nguvu. Anayeitwa kutoa ushahidi aseme kweli, japo mshitakiwa ni mtoto wa shangazi yake. Na wazazi, mtoto akirudi chuoni muulizeni amesoma nini, mumsikilize mpaka amalize. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuanza leo hii. Amin.