Sukari Inaposhuka

Tukitaja kisukari, wengi huwaza sukari kupanda tu. Lakini aliyejidunga insulini alfajiri akatoka bila kunywa chai, yake huweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo: jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanagongana. Ndani ya daladala tutamwita mlevi, saa mbili asubuhi! Kwa kuhukumu hatujambo.

Akiwa anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda yenye sukari ya kweli, au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji. Apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Akizimia, usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali. Nawe mwenye kisukari, glukosi ikae mfukoni, si kabatini.