Safari Huhesabiwa kwa Vituo

Miongoni mwa mambo ambayo zama zetu zimeyatukuza kupita kadiri ni kufika upesi. Na kwa kuwa vyombo vya kutufikisha vimekuwa vingi, imekuwa desturi kumwuliza msafiri saa alizotumia njiani kabla ya kumwuliza aliowaona, wala si nadra mtu kutoka Mwanza hata Dodoma katika siku moja asiweze kutaja mahali pamoja alipotoa salamu akajibiwa. Mimi ni mkaazi wa Choma, katika wilaya ya Igunga, mkoa wa Tabora, nchi ambayo katika karne ya kumi na tisa ilikuwa kitovu cha misafara ya bara. Na baada ya kuizunguka nchi hii kiangazi kilichopita, peke yangu juu ya pikipiki, nikilala hemani mahali jua liliponichwea, nimerejea na imani moja ambayo napenda kuiweka mbele ya wasomaji: kwamba thamani ya safari, na kwa kadiri hiyo hiyo thamani ya umri wa mwanadamu, haimo katika urefu wa njia iliyokatwa, bali imo katika vituo, na katika jinsi mtu alivyokaa katika kila kituo.

Pikipiki yangu ni ya namna ile ile ambayo kila siku hubeba abiria, magunia ya mpunga na madumu ya maziwa katika vijiji vyetu, wala haikuundwa makusudi kwa safari za mbali. Nyuma yake nilifunga hema, mkeka, blanketi, sufuria, kidumu cha petroli, dumu la maji, pampu na vifaa vya kuzibia pancha, na mfuko wa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani, chakula kisichoharibika upesi na kisichohitaji moto. Nilipouweka mzigo huo juu ya mizani ya mnunuzi wa mpunga niliona kuwa unakaribia frasila mbili, na jambo hilo lilinitia katika fikra nzito. Kwa maana frasila mbili, takriban kilo 32, ndio mzigo ambao mpagazi wa Kinyamwezi alijitwisha begani, pembe ya ndovu au robota la nguo, akautembeza kwa miguu yake baina ya Unyanyembe, yaani nchi ya Tabora, na pwani, na juu ya mzigo wa tajiri akaongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake mwenyewe. Tangu saa hiyo, kila vumbi liliponijaa machoni au mgongo uliponiuma, niliwakumbuka watu wale, nikaona kuwa haifai mtu aliyebebewa mzigo wake na mashine kulalamika katika njia ya watu waliobeba kwa mabega.

Nilishika njia ya Ziba na Puge hata Tabora, na nilipofika sikuuharakia mji, bali nilikwenda Kwihara, ambako tembe la kale limehifadhiwa kwa ukumbusho wa David Livingstone. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, ilikuwa siku ya 134 tangu walipoondoka pwani. Nao hawakupita tu, bali walikaa zaidi ya mwezi, wakakirimiwa na Waarabu wa mahali, na hasa na Snay bin Amir, ambaye kutoka kwake walipata habari za maziwa na falme za bara ambazo macho yao yalikuwa hayajaziona. Livingstone naye, baada ya kuagana na Stanley, aliyekuja kumtafuta, mwezi wa Machi 1872, alikaa Kwihara hata mwezi wa Agosti akingojea watu na vifaa kutoka pwani, na asiyejua hali ya safari za kale angedhani kuwa miezi hiyo ilipotea bure. Lakini miongoni mwa watu aliowangojea, na wale waliokuwa naye tangu mwanzo, ndimo walimotoka waliokuja kuuchukua mwili wake alipofariki mwaka uliofuata katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia.

Habari ya watu hao ndiyo iliyonikalisha Kwihara zaidi ya nilivyokusudia. Susi na Chuma na wenzao waliukausha mwili wa bwana wao kwa chumvi na jua, wakauviringa, wakaubeba katika nchi zenye vita na maradhi, na mwezi wa Oktoba 1873 wakafika nao hapa hapa Unyanyembe. Na Luteni Cameron, aliyekutana nao, alipowashauri wamzike pale wasijitaabishe zaidi, walikataa kwa adabu na kwa uthabiti, wakashika njia, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Vitabu vingi vimeandikwa kumsifu aliyebebwa, na sifa zake hazina shaka. Lakini mimi, nikiwa nimekaa katika kivuli cha tembe lile, niliona kuwa waliobeba walifanya jambo ambalo hakuna mshahara unaoweza kulilipa, na ya kuwa lau wasingalitua mahali hapa wakashauriwa, wakapewa nafasi ya kuuacha mzigo, tusingalijua kamwe kuwa uaminifu wao ulikuwa wa hiari.

Kutoka Tabora nilielekea mashariki, kwa njia ipitayo Kigwa na Tura, majina ambayo Burton aliyaandika na ambayo yangali yanaitwa vivyo hivyo hata leo; na baada ya Tura huanza ile nyika ambayo watu wa misafara waliiita Mgunda Mkali, nchi ya vichaka vilivyoshikamana, miiba, na ardhi ngumu isiyokuwa na maji ya kutegemea, ambayo ilitenga Unyamwezi na Ugogo. Hapo ndipo elimu ya misafara ilipokuwa na kazi yake. Siku za kawaida kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, aliwaondoa watu alfajiri na kuwatua kabla ya adhuhuri, ili jua lisiwavunje. Lakini maji yalipokuwa mbali zaidi ya mwendo wa asubuhi moja, iliamriwa terekeza, yaani watu wapike na kushiba na kujaza vibuyu kambini, waondoke mchana, walale pakavu bila ya kupika, kisha waamke mapema wayafikie maji kesho yake. Katikati ya nyika palikuwa na Jiwe la Mkoa, ambapo Wakimbu walikuwa na makao, na kwa msafara uliochoka jiwe hilo lilikuwa na maana kuliko mji mkubwa. Leo reli imepita katika nyika hiyo tangu kabla ya mwaka 1912, mwaka ilipofika Tabora, na lami nayo imefika. Mwenye gari huivuka Mgunda Mkali kwa muda wa kusikiliza taarifa ya habari na nyimbo chache. Mimi niliacha lami mara kwa mara, nikafuata njia za wafugaji na warina asali, na nikajifunza kupanga mwendo wangu kwa maji kama walivyopanga wao: sikuuliza ni kilomita ngapi, niliuliza kisima kiko wapi na ni cha nani.

Na hapo ndipo nilipofahamu kuwa msafiri wa peke yake haruhusiwi na nchi hii kuwa peke yake. Watu wa zamani walilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi kabla ya kupita au kupiga kambi. Na ingawa matajiri wa misafara walilalamika juu ya hongo hiyo, ilikuwa ndiyo njia ya kukiri kwamba nyika ina wenyewe. Leo hongo hiyo haipo, lakini adabu yake ipo: huwezi kusimamisha hema bila ya kufika kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukaeleza utokako na uendako, na pengine jina lako likaandikwa katika daftari la wageni. Katika kijiji kimoja kando ya nyika nilimkuta mzee aliyekuwa akitengeneza mizinga ya magome.

“Shikamoo, baba,” nilimwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Jana ulilala kwa nani?”

Nikamtajia mwenyekiti wa kitongoji kilicho karibu na Goweko, aliyenipa mahali chini ya mwembe wake.

“Basi una watu,” akasema. “Tua mzigo, ule.”

Hakuniuliza pikipiki yangu ina mbio gani, wala nitafika lini Manyoni. Alitaka kujua ni nani aliyenipokea kabla yake, kwa kuwa kwa hukumu yake mtu aliyepokewa na mmoja anastahili kupokewa na mwingine, na aliyepita bila ya kutua popote ni mtu ambaye hana wa kumshuhudia. Nimesoma habari za waendesha pikipiki wa Marekani wapendao kwenda peke yao katika majangwa ya Arizona na Utah, wakalala chini ya majabali mekundu kwa kutafuta upweke, na sina neno la kuwalaumu, maana faragha ni haja ya moyo. Lakini hata huko, bonde la Monument Valley linalosifiwa kwa ukiwa wake ni ardhi ya Wanavajo, nao wana sheria zao juu ya nani apite na nani alale. Hakuna nyika duniani isiyokuwa na mwenyewe, ila ile ambayo mgeni hakuuliza.

Si kwamba faragha haikuwapo. Amma nyakati za usiku, moto ukipungua na fisi wakisikika mbali, niliipata faragha kamili, na katika faragha hiyo nilijiwa na fikra ya wale ambao katika njia hii hawakuwa na uchaguzi. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mtu huru, aliyepatana mshahara, aliyeweza kuweka mzigo chini akagoma, na aliyerudi kwao kabla ya mvua apate kulima. Lakini pamoja naye, katika njia hiyo hiyo, walipita watu waliofungwa minyororo na makongwa, waliotua walipoamriwa na kuondoka walipoamriwa, na wengine wakaachwa njiani wasiondoke tena. Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mapatano ya kukataza biashara ya watumwa baharini mwezi wa Juni 1873, na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Uhuru wa kusema “leo nitalala hapa, na kesho nitakapopenda nitaondoka”, ambao mimi niliutumia kila jioni, ndio hasa walionyimwa watu hao. Na mtu aliyejaaliwa uhuru wa namna hiyo, kisha akautumia kwa kukimbia tu toka alfajiri hata magharibi, amedhulumu neema.

Nilifika Kilimatinde, penye ukingo wa Bonde la Ufa, kisha nikarudi kwa Singida, nikateremka mlima Sekenke, ambako dhahabu iliyochimbwa wakati wa Wadachi ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya ndovu katika Tabora mwaka 1916, kabla mji haujatwaliwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi wa Septemba. Baada ya mlima huo ni mbuga ya Wembere, ambayo wakati wa masika ni bahari ya matope, na wakati wa kiangazi ni udongo mweusi uliopasuka. Mto wetu wa Manonga humimina maji yake katika mbuga hiyo, nayo huingia ziwa Kitangiri, na kwa mto Sibiti hufika ziwa Eyasi, yakakomea huko. Tone lake moja haliifikii bahari. Hata hivyo ni katika kutua kwake mbugani ndiko yanakopatikana malisho na mpunga, na ndiko watu wa Igunga wanakopata riziki.

Sitaki mtu anidhanie kuwa nailaumu kasi kwa jumla. Mama mwenye uchungu anayekimbizwa hospitali ya Nkinga juu ya pikipiki ya kijana wa bodaboda anahitaji mbio, na lami ni rehema kwake. Wala hakuna aliyewahi kutembea kwa miguu na frasila mbili begani ambaye angetamani wajukuu wake wafanye hivyo. Kasi ni mtumishi mwema. Ubaya huanza pale tunapoitawaza juu ya maisha yote, tukalea watoto, tukaoa, tukazika wazee wetu na kufanya ibada zetu kwa haraka ile ile ya kufika, na mwisho wake tukawa na miaka mingi tuliyoipita na michache tuliyoiishi.

Kwa hiyo nina shauri, nalo ni dogo na linatendeka. Vituo sita vya njia ya kale, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, viliorodheshwa na taifa letu mwaka 2006 mbele ya UNESCO kuwa vinastahili kufikiriwa katika urithi wa dunia, na hiyo ni kazi ya serikali na wataalamu. Lakini kazi ya kutunza vituo vya kawaida ni yetu sisi wanavijiji. Kila kijiji kilicho katika njia hii, tangu Choma hata Manyoni, na kitenge uwanja mmoja wa wageni, kichimbe au kikarabati kisima kimoja, kipande miembe, kama walivyoipanda waliotutangulia ambao hawakutujua, na kimteue mtu wa kumpokea msafiri na kumwuliza alilala kwa nani. Gharama yake si kubwa. Na faida yake ni kwamba watoto wetu watakua wakijua kuwa njia ni mali ya wanaoipita na wanaowapokea kwa pamoja.