Aliyepanda Kibosho Kuwakimbia Watu

Kisa hiki hakina mwenyewe mmoja. Ukikisimulia Umbwe watakuambia huyo ni wa Okaoni. Ukikipeleka Okaoni watasema hapana, ni yule wa Kirima. Kila upande wa Kibosho, huku Uchaggani, una mtu wake wa namna hii, na wengine wako njiani wanakuja. Basi na wasikie kabla hawajafika.

Bwana huyu alikuwa mhasibu Dar es Salaam, jiji ambalo sensa ya 2022 ililihesabia watu zaidi ya milioni 5.3. Alikaa Kimara. Mchana foleni, usiku baa upande mmoja na spika za mahubiri upande wa pili. Kila Desemba alipanda na familia kwenda kwao Kibosho kuhesabiwa, kama Wachagga wanavyotaniwa. Huko alikuta hewa safi, kilele cha Kibo kikiwa wazi asubuhi, mbuzi amechinjwa, mbege ipo, ndugu wamejaa uani. Akirudi mjini wimbo ulikuwa mmoja: "Nikistaafu tu, napanda zangu mlimani. Sitaki kuona mtu. Nisikie ndege na maji, basi."

Mafao yalipotoka, akatimiza. Mkewe alibaki mjini na wajukuu, akisema atafuata. Mahali pa kukaa palikuwepo, maana yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya Uchaggani mtoto wa kiume wa mwisho hubaki na kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha wazazi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kujitengenezea huo upweke. Ua wa masale uliopandwa na babu yake mpakani aliung'oa, akainua ukuta wa tofali wenye vipande vya chupa juu. Kwa Mchagga isale ni alama ya mpaka, na pia ni jani la kuombea msamaha. Aliyekukosea akija nalo mkononi, kumkatalia ni kazi. Majirani waliyaona masale yamerundikwa barabarani, wakapita kimya. Njia ya mkato iliyokatiza migombani, ambayo wanawake waliipita kwenda kukata majani na waumini kwenda misa ya alfajiri, ikaishia kwenye geti la chuma. Ng'ombe wa marehemu mama yake aliwauza kwa sababu ya nzi. Mringaringa mkubwa na migrivea miwili ikaangushwa ili Kibo kionekane kutoka barazani. Mibuni nayo iling'olewa, pakapandwa nyasi za bustani. Mfongo, yaani mfereji wa maji, uliopita katikati ya kihamba aliuhamisha ukazunguka nje ya ukuta, kwa kona kali, ili wanaokuja kufungulia maji usiku wasimsumbue kwa maongezi yao.

Mzee anayesimamia mfongo alikuja kumwona.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Jumamosi kuna msaragambo. Tunazibua mfongo kule juu kabla masika hayajaanza."

"Mimi nitatoa hela, baba. Mtafuteni kijana."

"Hela tutaipokea siku ya mchango wa barabara. Mfongo unataka mtu." Mzee akautazama ukuta toka mwanzo hadi mwisho. "Unajua Mangi Sina naye alikuwa na ukuta hapa Kibosho. Wa mawe. Ule ulikuwa na watu nyuma yake. Wako una wangapi?"

Mstaafu alicheka. Historia aliijua: mwaka 1891 jeshi la Wajerumani likiongozwa na Wissmann lililiteka boma la Sina, na ukuta wa mawe haukumwokoa. Jumamosi ilipofika hakwenda.

Hapa ndipo alipojikwaa. Mtu akipanda kutoka Moshi mjini huona kijani kitupu, akadhani ameingia porini. Si pori. Katika kihamba kila mti umepandwa, au umeachwa kwa makusudi. Juu kabisa kuna mringaringa na mfuruanje wa kutia kivuli. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa magimbi na maharage, huku viazi vikuu vikiparamia mashina. Ng'ombe wa bandani hula majani ya mgomba, na mgomba hula samadi yake. Nyasi za kujazia huja kichwani mwa mama aliyezifuata tambarare au kando ya msitu. Maji hutoka korongoni kwa mfongo uliochimbwa na mababu. Hugawanywa kwa zamu, na asiyefika kwenye kazi ya kuutengeneza hutozwa faini. Mfumo huu ndio FAO iliutambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kule Shimbwe Juu upande wa Uru.

Pori lenyewe lipo juu zaidi, na halikaliwi. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 mipaka yake ikashushwa ikachukua msitu wote, pamoja na ule ukanda wa nusu maili ambao tangu ukoloni wananchi waliachiwa wajipatie kuni na majani. Kati ya mji na msitu huo ni vihamba, na vihamba ni watu. Kimya alichokipenda mstaafu kilikuwa kazi ya mikono yao.

Januari ikafika. Magari yakashuka, na zile nyumba kubwa za madirisha ya alumini zikafungwa hadi Desemba nyingine, zimeachiwa vijana wa kulinda. Masika yakaja na ukungu wake. Kibo, kilichokatiwa miti, kilijificha wiki baada ya wiki. Migomba iliyokosa kivuli na samadi ikaanza kudhoofu. Fukusi waliingia mashinani, na mikungu ikatoa ndizi kama vidole vya mtoto. Kiangazi kilipoingia, maji ya zamu hayakumfikia, kwa kuwa jina lake halikuwamo. Ndege aliwasikia, na mvua juu ya bati aliisikia. Mwaka wa pili akawa anaibishia redio kwa sauti, kisha anaizima ili asikie kama kuna mtu amejibu.

Usiku mmoja wa Mei umeme ulikatika. Alitoka barazani kutafuta taa, akateleza kwenye vigae vilivyolowa, akaanguka vibaya. Mguu ukavunjika juu ya goti. Simu ilikuwa chumbani, imekwisha chaji. Aliita mpaka sauti ikakauka. Kulipopambazuka akasikia wanawake wakipita nje ya ukuta, njia ya mzunguko, wakiongea kwa sauti. Akaita tena, na mvua ikaimeza sauti yake. Njia ya zamani ilipita hatua chache tu kutoka pale alipolala.

Kilichomwokoa ni ile kona ya mfongo. Mvua ya usiku ilijaza maji, yakashindwa kukunja, yakapasua ukingo na kufukua msingi wa ukuta hadi kipande kikaanguka. Asubuhi vijana walikuja na majembe na mabeleshi kuziba, wakiwa na hasira zao kwa haki kabisa. Mmoja akachungulia kwenye lile tundu. Walimtoa kwa machela ya miti na blanketi, wakapokezana kwenye matope hadi panapofika gari, akapelekwa hospitali.

Aliporudi na magongo yake, wazee walimjia. Walimpa pole, wakauliza hali ya mguu, wakakaa. Kisha mzee wa mfongo akataja faini: misaragambo yote aliyoikosa, na ukingo uliobomoka.

"Nipeni hesabu yake, baba, nilipe leo leo," alisema mhasibu.

"Hailipwi mkononi. Ni pipa la mbege. Utaipikia hapa kwako, na tutainywa hapa kwako."

Mbege ni ndizi mbivu, na zake zilikuwa zimekufa. Ikabidi apite nyumba kwa nyumba kwa magongo akiomba mikungu. Ulezi wa kuotesha, jirani mmoja alimnunulia sokoni. Magome ya msesewe yalitoka kwa mwingine. Na bibi wa nyumba ya chini, yule yule aliyezibiwa njia, alikuja siku zote hizo kumsimamia chunguni na kumgombeza kwa kukoroga vibaya. Siku ya kunywa, lile tundu la ukutani ndilo lililokuwa mlango wa wageni. Wala halijazibwa mpaka leo.

Funzo lake si kwamba mtu wa mjini asipande mlimani. Apande. Lakini asiiamini Desemba, maana Desemba huonyesha watu waliokuja kupumzika. Aje Mei, akae kwenye matope na ukungu, ndipo aamue. Kabla ya kukata mti aulize unamtilia nani kivuli, na kabla ya kuziba njia aulize ni nani huipita na saa ngapi. Ajue pia kilichomchosha mjini. Mara nyingi ni foleni, na makelele ya watu wasiomjua wala kumjali. Hayo hayapo Kibosho, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwaadhibu majirani kwa makosa ya Kimara. Hata watawa waliochagua maisha ya ukimya hukaa wengi, wana jiko moja na zamu za kazi. Waswahili walishasema mkataa wengi ni mchawi, na mlimani huyo mchawi hujiroga mwenyewe kwanza.

Anayetaka kimya, Kibosho kipo cha kumtosha. Aanze kwa kuandikisha jina kwenye zamu ya mfongo, na Jumamosi ya msaragambo aje na jembe lake.