Geuka, Ulifukie Shimo Lako!

Wewe unayefyatua matofali Tunduma, wewe unayepanga tanuri Vwawa, wewe unayechimba udongo Mlowo: simama! Tua jembe. Tazama nyuma yako.

Shimo lile ni lako. Ulilichimba wewe, ukalipwa wewe, ukalikimbia wewe!

Usiniambie hukujua. Unajua kuwa udongo mweusi wa juu, usiofika hata goti, ndio uliolea mahindi ya baba yako. Unajua kuwa mfinyanzi ulio chini yake haulei kitu. Unajua kuwa ukivichanganya hivyo viwili, shamba limekufa. Unajua! Na kila asubuhi unasema: kesho.

Kesho ipi? Mji unapanuka, malori yamejaa barabarani hadi mpaka wa Nakonde, kila aliyepata senti anataka kujenga. Wateja hawataisha, na hiyo kesho yako haitafika.

Mvua za Novemba hazina subira. Zitajaza shimo, zitamega kingo, zitasomba udongo uliourundika ovyo. Mbu wa malaria watazaliana humo. Mtoto wa jirani atakuja kuogelea, naye hajui kina. Wewe utakuwa wapi? Utakuwa kiwanja cha pili, unaanza shimo jingine!

Geuka leo! Kabla hujagusa mfinyanzi wa mahali papya, panga utakavyoondoka. Udongo wa juu utoke kwanza, ukiwa mkavu, maana ukihamishwa umelowa unashindiliwa na kukosa hewa. Uweke peke yake. Usiurundike kupita mita 2, usipitishe lori juu yake, usiuache uchi: panda hata maharage.

Chimba kipande kwa kipande. Udongo wa juu wa kipande cha pili uende moja kwa moja kufunika kipande cha kwanza. Hubebi mara mbili. Hata mvivu atakubali.

Na lile shimo la zamani? Tifua sakafu yake. Tupia vipande vya matofali na kifusi. Laza kingo hadi ng'ombe aweze kupanda. Udongo wa chini urudi chini, mweusi uje juu. Chimba mfereji wa kugeuza maji.

Sheria unaisikia. Ile ya Mazingira ya mwaka 2004 inakuweka mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ile ya Madini ya 2010 inauhesabu mfinyanzi wa ujenzi kuwa madini, na leseni ya mchimbaji mdogo ni ya miaka 7. Miaka 7 itakwisha, shimo litabaki!

Unasema haiwezekani? Nenda Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Akapanda mivinje. Majani yake hayakuoza, akaleta majongoo wayatafune. Udongo ukazaliwa, msitu ukasimama, wanyama wakaja. Yeye hakuwa na koleo moja la udongo. Wewe unao, na umeutupa kando!

Basi leo, kabla ya kuwasha tanuri, ita vijana wako. Chukueni majembe, makoleo na toroli. Anzeni na ukingo ule unaotazama nyumba za watu.