Mtu wa Tatu Kwenye Picha

Ukibonyeza kitufe kilichoandikwa "Futa", unatarajia nini kitokee? Swali linasikika la kitoto, lakini mwaka jana lilininyima usingizi.

Nilikuwa nimepata kazi ya kutengeneza sehemu moja ya programu ya kublogu: mahali pa kupakia picha, na mahali pa kuzitafuta na kuzichagua ukiandika makala. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo iliponishinda, kwa hivyo kazi zangu huja kwa simu na kwa neno zuri la marafiki. Mteja huyu aliandika na wenzake watatu kuhusu vyakula vya mtaani. Alichotaka kilikuwa rahisi: chagua picha, ipande, ionekane. Watu wasisumbuliwe na maswali.

Nikampa hivyo. Picha ikipakiwa, programu inaweka ile ya asili, halafu inatengeneza nakala ndogo ndogo: ya kwenye orodha, ya simu, ya kompyuta. Si jambo geni. WordPress, iliyoanza mwaka wa 2003, hufanya vivyo hivyo. Nakala yake ndogo kabisa kwa kawaida huwa pikseli 150 kwa 150. Na sababu ni nzuri. Msomaji mwenye bando la shilingi 20 asimaliziwe data na picha moja kubwa.

Basi siku moja mama mmoja anayekaanga samaki akamwomba mteja wangu aitoe picha yake. Hakueleza mengi. Alisema tu, "Kijana wangu, kuna mtu sitaki ajue niko wapi." Mteja aliifuta makala nzima siku hiyo hiyo, akamwambia, "Imetoka, mama."

Wiki mbili baadaye mama akarudi, simu mkononi. Kuna jamaa alikuwa amesambaza kiungo cha ile picha yenyewe WhatsApp, na kikibonyezwa, picha inafunguka kama kawaida. Mama yuko pale, jiko liko pale, hata rangi ya mabati ya duka la nyuma inaonekana.

Mteja hakukosea. Mimi ndiye niliyetengeneza kitufe kinachofuta makala na kuacha picha zake kwenye seva. Programu nyingi hufanya hivyo, kwa kuwa picha moja inaweza kuwa imetumika kwenye makala nyingine, na ukiifuta unaacha shimo huko. Nilijua hilo. Nilisahau tu kwamba mwenye kubonyeza hajui.

Nilipoifungua faili ya asili nikakuta kubaya zaidi. Simu iliyopiga picha ilikuwa imeruhusiwa kurekodi eneo, kwa hivyo latitudo na longitudo zilikuwa ndani ya faili. Yeyote aliyeipakua angeweza kuzisoma na kuziweka kwenye ramani, akafika mpaka kwenye lile jiko.

Nilimsimulia rafiki yangu, akanitetea. "Programu ni chombo tu," akasema. "Kisu hakina dhambi." Nilitamani kumwamini. Lakini kisu hakikuambii kitu. Kitufe kinaongea. Kimeandikwa "Futa", na mtu akakibonyeza kwa imani, halafu akaenda kumwahidi mwenzake. Kama neno hilo si kweli, uongo umesemwa, hata kama aliyeuandika hakukusudia kudanganya. Mteja alimdanganya mama kwa kinywa changu.

Sasa utasema, si ungefuta kila kitu palepale? Hapo pia kuna mtu wa kuumia. Mwandishi mmoja wa kundi lile alikuwa na picha moja tu ya marehemu nyanya yake akisonga ugali. Simu yake iliibwa, ikabaki nakala iliyo kwenye seva yetu. Kidole kikiteleza, nyanya anapotea mara ya pili. Kumlinda anayetaka kusahaulika na kumlinda anayetaka kukumbuka ni kazi mbili, na zinavutana.

Nilichokuja kuelewa ni hiki. Sisi wa kazi hii tunapenda kusema "mtumiaji", na tukisema hivyo tunawaona watu wawili: anayepakia na anayesoma. Yule aliye ndani ya picha hatumwoni. Hana akaunti, hana nywila, hana kitufe. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa haki ya kuomba data zake zifutwe. Lakini haki bila mlango ni kama nyumba usiyoweza kuingia, na mlango huo nilipaswa kuujenga mimi.

Kwa hivyo nilibadilisha mambo. Picha ikifika, data za eneo zinatolewa kwanza. Kitufe kimoja kikawa viwili: "Ondoa kwenye makala" na "Futa picha kabisa", na kabla ya kufuta unaonyeshwa picha imetumika wapi na wapi. Ukifuta, anwani yake inakufa papo hapo kwa umma, nakala zote, lakini aliyeipakia ana siku 30 za kuirudisha. Nyanya yuko salama, mama naye hayuko wazi.

Nikaongeza swali moja wakati wa kupakia: "Kuna mtu anayetambulika hapa? Amekubali?" Mteja alilalamika kwamba linachelewesha watu, na kwamba mtu anaweza kubonyeza "Ndiyo" tu aendelee. Kweli kabisa. Lakini atakayedanganya sasa atajua anadanganya. Zamani programu ilimsaidia asifikirie.

Chini ya "Futa picha kabisa" kuna sentensi ambayo mteja aliniomba mara mbili niitoe kwa sababu inatisha: "Nakala zilizokwisha kusambazwa hatuwezi kuzirudisha." Nilikataa. Ndiyo sentensi ambayo mama yule alistahili kuambiwa siku ya kwanza, kabla hajaenda nyumbani akidhani yameisha.

Alihamisha jiko lake. Mteja alitaka kuniambia alikoenda, nikamwambia asiniambie.